Mwili kwanza au akili kwanza? Ulinganisho kwa anayechagua sanaa ya mapigano

Anayetafuta mahali pa kujifunza kupigana hukutana mapema na kumbi za aina mbili. Kwenye ukumbi wa kwanza watu wanaruka kamba, wanapiga begi, wanabebana migongoni na kukimbia, na kengele inalia tena kabla mtu hajamaliza kujifuta jasho. Kwenye wa pili wamepiga magoti kimya, wanavuta pumzi taratibu, kisha wanasimama na kurudia mwendo uleule wa mikono na miguu huku mwalimu akirekebisha kiwiko kilichotoka nje kidogo. Wa kule huwacheka wa huku kwamba wanaigiza. Wa huku huwaona wa kule kuwa ni wababe waliokosa adabu. Kila upande una hoja, na kila upande unatia chumvi.

Nitaziweka njia hizi mbili bega kwa bega kwa mambo yanayomgusa mtu anayeanza au anayefikiria kuhama ukumbi. Msimamo wangu nautoa sasa hivi ili usome ukiwa unaujua. Naamini utulivu wa mpiganaji hujengwa mwili ukiwa umechoka, mbele ya mtu ambaye hataki mbinu yako ifanikiwe. Tafakuri husaidia, taswira za akilini husaidia, lakini kazi yake ni kunoa. Chuma chenyewe hufuliwa kwingine.

Kila upande unafundisha nini hasa

Mazoezi ya mwili yanaeleweka upesi: pumzi, nguvu, wepesi, viungo vinavyokunjika bila kukatika, na ngozi na mifupa iliyozoea kugongwa. Kisichoeleweka upesi ni kwamba kila mchezo unadai pumzi ya aina yake. Bondia wa kulipwa anayegombea ubingwa huweza kwenda raundi 12 za dakika 3, na kati ya raundi na raundi ana dakika 1 tu ya kukaa. Muay Thai, ndondi ya Kithai inayoruhusu mateke, viwiko na magoti, ni raundi 5 za dakika 3, mapumziko dakika 2. Pambano la judo, mchezo wa Kijapani wa kushikana na kuangushana, ni dakika 4, na wakitoka sare wanaendelea bila kikomo cha muda hadi mshindi apatikane. Mwenye mkanda mweusi kwenye jiu-jitsu ya Kibrazili, inayopiganwa zaidi chini kwa kubana na kukunja viungo, hushindana dakika 10 mfululizo.

Ndiyo maana mkimbiaji mzuri wa masafa marefu huingia kwenye kushikana na mtu, na baada ya dakika mbili anaomba maji. Kuvuta, kusukuma na kubeba kwa ghafla hutumia akiba iliyomo ndani ya misuli yenyewe, na akiba hiyo inaisha ndani ya takriban sekunde 10 za juhudi kamili. Asipojua kuachia na kupumzika katikati ya purukushani, mapafu yake mazuri hayamsaidii kitu.

Mazoezi ya akili ni magumu kuyaeleza kwa sababu hayaonekani kwa mtu anayechungulia dirishani. Ni umakini, kuidhibiti hofu, kusoma nia ya mpinzani, kuamua haraka, na kurudi kwenye hali yako baada ya kukosea. Watu wa kendo, mchezo wa Kijapani wa upanga wa mianzi, wana orodha ya zamani ya magonjwa manne ya akili: mshtuko, hofu, shaka na kuchanganyikiwa. Naipenda orodha hiyo kwa sababu kila ugonjwa unaonekana mwilini ukijua pa kutazama. Mshtuko hufumba macho. Hofu hurudisha uzito kwenye visigino. Shaka huanzisha pigo na kulikatisha njiani. Kuchanganyikiwa humfanya mtu asimame mahali pamoja akisubiri kupigwa. Mwalimu anayeziona dalili hizi anafundisha akili hata kama hajawahi kutamka neno tafakuri.

Kendo yenyewe imekwenda mbali zaidi ikaiweka hali ya akili kwenye kanuni za alama. Baada ya kupiga, mshindani lazima aoneshe kwamba bado yuko macho, tayari kwa kitakachofuata. Wajapani huiita hali hiyo zanshin. Pigo safi lisilofuatiwa na tahadhari hiyo halihesabiwi, na anayeshangilia alama yake anaweza kufutiwa. Mtu aliyezoea kuona wachezaji wakirukaruka baada ya kushinda atadhani ni ukali usio na maana. Mimi naona ni njia nzuri sana ya kufundisha utulivu, kwa sababu kukosa utulivu kunakugharimu pambano.

Kwenye capoeira, iliyozaliwa Brazili miongoni mwa watumwa waliotoka Afrika, akili ina sura nyingine kabisa. Pale ndani ya duara, katikati ya ngoma na nyimbo, sifa inayothaminiwa ni hila: kuonesha unakwenda kushoto huku nia iko kulia, kutabasamu huku unapima umbali. Hakuna anayefunga macho akapumua. Hata hivyo anayecheza vizuri amefunzwa akili pengine kuliko aliyekaa kimya saa nzima.

Pumzi, kwa karibu

Mtazame mtu mwenye afya njema anayepigana mapambano yake ya kwanza ya mazoezi, glavu mkononi na kilinda meno kinywani. Mabega yanapanda hadi karibu na masikio. Ngumi ya kwanza inapomjia anafumba macho yote mawili na kugeuza uso. Anajibu kwa ngumi tatu au nne mfululizo, zote kwa nguvu zake zote, na katika muda huo wote hajatoa pumzi hata mara moja. Nusu ya raundi haijafika, mikono imeshuka kifuani. Kinywa kiko wazi. Kengele ikilia anasema, "Sina stamina, inabidi nianze kukimbia."

Akimbie, hakuna ubaya. Lakini kilichomwangusha hakikuwa miguu. Alizuia pumzi na kukaza kila msuli, pamoja na ile isiyohusika na kupiga ngumi, kwa sababu aliogopa. Kocha wa ndondi humtibu kwa kumfundisha kutoa pumzi fupi kwa kila ngumi, ile sauti ya "shh" unayoisikia kwenye kumbi za masumbwi. Mwalimu wa karate humtibu kwa ukelele wa kiai, ambao kimwili ni pumzi inayotolewa kwa nguvu wakati tumbo limekazwa. Tiba ni ileile, imepitia milango tofauti. Kwa mtu wa namna hii, kufundishwa kupumua na kulegeza mabega kunaweza kumwongezea raundi nzima kabla hajakimbia hata hatua moja.

Sasa mtazame wa upande wa pili. Amefanya mazoezi ya kupumua kwa miaka, akikaa anatulia kweli, na utulivu wake si wa kuigiza. Akaja kwenye judo. Mtu mzito akamwangusha, akamlalia kifuani na kumbana. Kwa kanuni za judo, akishikiliwa hivyo sekunde 20 amepoteza pambano. Mbavu hazipanuki. Pumzi ndefu ya kutoka tumboni haipatikani, maana tumbo limelaliwa. Utulivu alioujenga ulitegemea hewa ya kutosha na mahali pa wazi, na vyote viwili vimeondoka kwa pamoja. Anaanza kurusha miguu ovyo na kusukuma kwa mikono iliyonyooka, jambo linalompa mpinzani mkono wa kuukunja.

Huyu wa pili hafundishwi upya kutulia. Anahitaji kulaliwa mara nyingi, na watu wa maumbo tofauti, hadi mwili uelewe kwamba kubanwa si kufa. Ajabu ni kwamba akishaelewa, ile miaka yake ya kupumua inaanza kumlipa haraka kuliko mwenzake.

Hofu hutibiwa wapi

Hapa ndipo tofauti ya njia mbili inapokuwa kubwa, na ndipo kumbi nyingi za pande zote mbili hukosea.

Ukumbi wa mwili hudhani hofu inaisha kwa kupigwa. Mgeni anatupwa ulingoni siku ya tatu, anapewa mtu mwenye uzoefu, anachakazwa, na anayerudi wiki inayofuata huitwa jasiri. Njia hii huchuja watu waliokuja wakiwa tayari na roho ngumu. Haimfundishi mwoga kitu zaidi ya kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Ukumbi wa akili nao hudhani hofu inaisha kwa kuielewa: mwanafunzi anasikiliza maneno mazuri juu ya moyo mtulivu, anarudia mienendo na mwenza anayekubali kuanguka akiguswa mkono, na hofu yake haijawahi kuchokozwa hata siku moja.

Kinachofanya kazi ni ngazi. Kwanza mtu anarusha ngumi polepole, wewe kazi yako ni kutofumba macho tu. Kisha kasi inaongezwa, nguvu haiongezwi. Kisha unaruhusiwa kujibu kwa mkono mmoja. Kisha miwili. Kila ngazi inachosha kidogo na kutisha kidogo, na unakaa hapo hadi mabega yashuke yenyewe. Hayo ni mazoezi ya mwili au ya akili? Ukiona swali lenyewe limekosa maana, umeupata ukumbi mzuri.

Wathai wana jambo lao linalofaa kutajwa hapa. Kabla ya pambano la Muay Thai mpiganaji hufanya wai khru ram muay, heshima kwa mwalimu inayofanywa kwa mwendo wa polepole kuzunguka ulingo. Mgeni huona ni desturi tu. Lakini angalia kinachotendeka: viungo vinapata moto, pumzi inapangwa, macho yanazoea taa na kelele, na mtu anapewa kazi anayoijua kwa moyo katika dakika ambazo hofu ingemla. Mchezo unaosifiwa kwa ugumu wa magoko una tiba ya akili iliyowekwa mwanzoni kabisa.

Kufanya mazoezi kichwani tu

Watu wa upande wa akili hupenda kusema kwamba ukijiona ukipiga, mwili unajifunza. Kuna ukweli, na una mipaka yake.

Mwaka 1992 watafiti Guang Yue na Kelly Cole walichapisha jaribio la kidole kidogo cha mkono. Kundi moja lilikaza msuli wa kidole kwa mazoezi ya kweli kwa wiki nne. Kundi lingine lilifikiria tu kwamba linaukaza, bila kuukaza. Waliofanya kweli waliongeza nguvu kwa asilimia 30. Waliofikiria tu waliongeza kwa asilimia 22. Matokeo haya hushangaza watu, na hunukuliwa mno na wauza miujiza. Kumbuka ni kidole, na ni kukaza bila kusogea, kazi rahisi ambayo sehemu kubwa ya ongezeko la awali hutokana na ubongo kujifunza kuamsha msuli vizuri zaidi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1994, James Driskell na wenzake walikusanya tafiti nyingi za mazoezi ya akilini na kuzipima pamoja. Hitimisho lao ni lile ambalo kocha mwenye busara angelitoa: mazoezi ya akilini yanasaidia, lakini hayafikii mazoezi halisi, na faida yake hupungua kadiri siku zinavyopita bila kurudia.

Kwa mpiganaji maana yake ni hii. Taswira inafaa kwa mpangilio: hatua, nyonga, mkono, kisha kurudi kwenye ulinzi. Inafaa sana ukiwa umeumia mguu na hutaki kusahau. Inafaa kwa mashindano, ukijipitisha kichwani njia nzima kuanzia kuitwa jina hadi kuinamiana na mpinzani. Haifundishi umbali, maana mpinzani wa kichwani daima husimama pale unapomtaka. Haikomazi ugoko. Na haikufundishi uzito wa mtu, jambo ambalo kwenye mieleka, judo na jiu-jitsu ndiyo nusu ya elimu.

Kuna ushauri mmoja mdogo wa upande huu ambao ningempa kila mtu hata asiyependa habari za akili. Tafiti za Gabriele Wulf juu ya namna watu wanavyojifunza mienendo zimeonesha mara kwa mara kwamba anayeelekeza fikra kwenye matokeo nje ya mwili hufanya vizuri kuliko anayefikiria kiungo chake. Yaani "pasua katikati ya pedi" ni agizo bora kuliko "nyoosha kiwiko." Inanikumbusha Takuan Soho, mtawa wa Zen aliyefariki mwaka 1645, alivyomwandikia mwalimu wa upanga Yagyu Munenori kwamba akili ikituama kwenye upanga, uwe wako au wa adui, inanaswa hapohapo. Mtawa hakuwa na maabara, lakini alijua.

Waanzilishi nao hawakukubaliana

Usidhani ugomvi huu umeletwa na watu wa siku hizi. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, aliweka vitu viwili ndani ya judo: kata, yaani mienendo iliyopangwa, na randori, yaani mapambano huru ambayo kila mmoja anajaribu kwa kweli. Ili randori iwezekane aliondoa mbinu za hatari, kama mapigo na baadhi ya kukunja viungo. Ukitazama juujuu utasema amepunguza makali. Kilichotokea ni kinyume: mbinu chache ambazo watu wanaweza kuzijaribu kwa nguvu zote kila siku huwakomaza kuliko mbinu nyingi za kuua ambazo hakuna anayeweza kuzifanya hadi mwisho. Na Kano huyohuyo alisisitiza kwamba lengo ni kutumia vyema nguvu za akili na mwili kwa pamoja, na kunufaishana. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964.

Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, sanaa ya Kijapani ya kugeuza nguvu ya mshambuliaji, alichukua njia nyingine. Alikataa mashindano, akaona yanamharibu mtu ndani. Mwanafunzi wake Kenji Tomiki, ambaye pia alikuwa mtu wa Kano, akaona bila kujaribiana huwezi kujua kama unajua, akaingiza randori ya ushindani kwenye aikido. Hadi leo matawi yote mawili yapo. Kwenye karate, Gichin Funakoshi hakupenda mashindano na alitanguliza tabia kuliko ushindi. Mas Oyama akajenga Kyokushin, ambako watu hupigana ngumi za mwilini na mateke ya kweli bila vikinga, ila ngumi za usoni zimekatazwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "karate ni ya akili" au "aikido haina upinzani," muulize anazungumzia karate ipi na aikido ipi. Jina la mchezo halitoshi kuchagulia.

Majeraha

Kwa hesabu ya mwili, njia ya akili iko salama zaidi, wala hapahitaji maneno mengi. Goti na bega vinachoka kwenye kushikana. Pua, vidole na mbavu vinaumia kwenye kupigana.

Kichwa kinahitaji maneno zaidi. Msuli hukomaa kwa kazi, mfupa huongezeka ugumu kwa kugongwa kidogokidogo, lakini ubongo haukomai kwa kupigwa. Tangu mwaka 1928 daktari Harrison Martland alipoeleza hali ya mabondia waliobaki na usemi mzito na mwendo wa kuyumba, jambo hili linajulikana. Ukumbi unaopigana kwa nguvu kila wiki, vichwani, na kuona fahari kuhusu hilo, unakula mtaji wa wanafunzi wake. Mapambano mengi ya mazoezi yanatakiwa yawe mepesi, na ya nguvu yawe machache yenye sababu, kwa mfano kuelekea shindano.

Njia ya akili nayo ina jeraha lake, lisiloonekana hadi siku ya shari: kujiamini kusikojaribiwa. Mtu mwenye mkanda wa rangi nzuri ambaye hajawahi kushikwa na mtu asiyeachia anaweza kubaki mahali ambapo mtu wa kawaida angekimbia.

Na kuna mahali ambapo "nguvu ya akili" yenyewe ndiyo inayoua. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda mfupi wakijikausha maji ili watimize uzito, na kanuni za mchezo zikabadilishwa baada ya hapo. Hao hawakukosa nidhamu. Walikuwa nayo nyingi, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia waache. Kocha anayeita kila maumivu udhaifu wa akili mkimbie, hata kama ana makombe ukutani.

Umri na hali yako

Mtoto mdogo apelekwe anakocheza, anakoanguka, anakoviringika na kucheka. Judo na mieleka hufaa sana, kwa sababu kujifunza kuanguka ni faida ya maisha yote. Kumkalisha mtoto wa miaka 6 atafakari ni kumwonea. Nidhamu ataipata kwenye kusubiri zamu na kumwinamia mwenzake.

Kijana anayejaa hasira mara nyingi hupelekwa kwenye ukumbi wa utulivu na wazazi wenye nia njema. Mimi ningeanza na ndondi au jiu-jitsu chini ya mwalimu mwenye mipaka. Hasira hutulia upesi zaidi pale inapokutana na mtu mdogo kuliko yeye anayempiga kabali mara tano kwa saa moja bila kumchukia, kisha akamwinua na kumwonesha alipokosea.

Mtu mzima anayekaa kwenye kiti siku nzima ana tatizo la mwili kwanza, hata akidhani ni msongo wa mawazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Madarasa matatu ya ukumbi wa mwili yanakaribia au kufikisha hapo, na usingizi utakaokuja baada yake utafanya kazi kubwa ya kutuliza kichwa.

Kwa mzee hesabu inageuka. Tai chi, sanaa ya Kichina ya mienendo ya polepole iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2020, imethibitika kupunguza kuanguka kwa watu wa umri mkubwa, na kuanguka ndiko kunakovunja nyonga. Mtiririko mfupi wa hatua 24, uliopangwa mwaka 1956, unamalizika kwa dakika chache. Hapa polepole na umakini ndiyo mazoezi ya mwili yenyewe: uzito wote unabaki kwenye mguu mmoja uliokunjwa huku mwingine unasogea, na anayedharau ajaribu dakika tano.

Aliyewahi kushambuliwa anastahili uangalifu wa pekee. Asianze na mapambano, wala asiishie kwenye mienendo ya hewani. Atafute mwalimu anayekubali neno "acha" papo hapo, anayempa mwenza wa kuchagua, na anayepanda naye zile ngazi kwa kasi yake.

Na mshindani anayefanya vizuri mazoezini kisha akaganda siku ya shindano? Huyo ndiye hasa wa kuongezewa kazi ya akili. Mwili wake tayari unajua. Apunguze kidogo mizigo ya chuma, aweke siku za kupigana mbele ya watu wenye kelele, apange utaratibu mmoja usiobadilika wa nusu saa ya mwisho kabla ya kuitwa, na ajifunze kupumua kwa kutoa hewa polepole zaidi ya anavyoivuta, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka hushusha mapigo ya moyo.

Siku ya kwenda kutazama

Usisaini kitu kabla ya kutazama darasa zima, na robo saa ya mwisho ina habari kuliko mwanzo. Watu wakishachoka, angalia mikono yao ya ulinzi na sura zao. Je, mkubwa anapunguza nguvu akikutana na mdogo bila kuambiwa? Aliyebanwa anagonga mkeka mapema kukubali kushindwa, au anasubiri hadi aumie? Mwalimu husema nini mtu akikosea mara ya tatu? Kwenye ukumbi wa mienendo, tafuta dakika ambayo mwenza anaruhusiwa kukataa. Kama haipo wiki nzima, unachonunua ni afya na unyumbufu, vitu vizuri vyenye thamani yake, lakini visiitwe kujihami. Kwenye ukumbi wa jasho, tafuta dakika ambayo mtu anaelezwa kwa nini. Kama haipo, utakuwa na pumzi nyingi na makosa yaleyale.

Kama ningepewa wiki ya mtu anayeanza mwenye nafasi siku tatu, mwaka wa kwanza ningeuelekeza zaidi mwilini: mbinu na kuchoka kwa siku mbili, ya tatu iwe ya mapambano mepesi ya ngazi. Baada ya hapo uwiano ungeanza kugeuka, kwa sababu mwili uliokwisha kujua kupiga teke haupati faida kubwa kwa teke la elfu moja kuliko kwa kujifunza lini usilipige.

Wengi hawana kumbi mbili za kuchagua. Upo mmoja, na ndio huo. Ukiwa ni wa jasho, jaze pengo mwenyewe: kabla ya kulala pitia kichwani raundi moja ya siku hiyo, taja mahali ulipozuia pumzi, na siku inayofuata ingia na lengo moja tu, hata kama ni kutofumba macho. Ukiwa ni wa utulivu, ruka kamba nyumbani, fanya pushapu na kuchuchumaa hadi miguu itetemeke, halafu tafuta mwenza mmoja mnayeaminiana. Kubalianeni mipaka, vaeni vikinga, naye ajaribu kweli kukushika huku wewe ukijaribu kweli kutoka, dakika mbili mbili, mkibadilishana.